Khabari za Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mwenye Kalamu

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyewainua wenye ilimu daraja juu ya daraja. Na sala na salamu zimshukie bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Kijitabu hiki ni khabari fupi za maisha ya Sheikh Al-Amin bin Ali bin Abdallah Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Ndugu zetu wengi wa pwani wamelisikia jina lake, wallakini wachache wanaojua alifanya nini hata jina lake likabaki. Mimi ninayeandika ni mwalimu wa chuo na madrasa katika madhehebu ya Imamu Shafi, na makazi yangu ni Shinyanga, nchi ya Wasukuma, mbali na bahari. Pengine msomaji atauliza: mtu wa Shinyanga ana khabari gani na kadhi wa Mombasa? Jawabu ni hii. Vijana wa pwani wanakuja huku kutafuta riziki katika dhahabu ya Geita na Kahama na almasi ya Mwadui. Wakifika huku hukutana na mambo mawili: ushirikina unaovaa nguo ya dawa, na tamaa inayovaa nguo ya maendeleo. Na Sheikh huyu alipigana na mawili hayo umri wake wote, na silaha yake ilikuwa ni ilimu iliyosemwa kwa lugha ya watu. Basi faida ya khabari zake haikuishia Mombasa.

NASABA YAKE NA KUZALIWA KWAKE

Mazrui ni kabila la Waarabu wa Omani, na wakubwa wao waliutawala mji wa Mombasa kwa kadiri ya miaka 100, hata mwaka 1837 Sayyid Said bin Sultan alipowaondosha katika utawala. Wakubwa wao wakakamatwa, wakapelekwa Bandar Abbas, na wengine wakatawanyika. Katika waliotoka Mombasa alikuwa babu yake Sheikh, naye ni Abdallah bin Nafi, aliyehamia Makka pamoja na mwanawe Ali. Huyu Ali akasoma Makka kwa wanavyuoni wake, akarejea Mombasa hali ya kuwa ni mwanachuoni mkubwa. Asili ya Mazrui ilikuwa ni madhehebu ya Kiibadhi, lakini ukoo huu ukafuata madhehebu ya Imamu Shafi. Kwa sababu ya mambo ya madhehebu Sheikh Ali bin Abdallah alifungwa Unguja katika zama za Sayyid Barghash, na hakufunguliwa ila Sayyid Khalifa alipokalia kiti mwaka 1888. Basi ufalme uliwatoka Mazrui, na ilimu ikawabakia, nayo haitekwi kwa mizinga wala haiuzwi mnadani.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwezi wa Jumada al-Akhir mwaka 1308 Hijria, sawa na tarehe 27 Januari 1891. Baba yake akafa mwaka 1894, naye bado ni mtoto mdogo hajui kuandika. Mwaka uliofuatia, yaani 1895, Waingereza wakaitia pwani katika himaya yao, ingawa bendera ya Sultani wa Unguja ilibaki ikipepea juu ya Ngome ya Mombasa. Kwa hivyo mtoto huyu alikua katika mji wenye mabwana wawili na sheria mbili. Hili ni jambo la kukumbukwa, kwani ndilo lililokuja kuwa mtihani wa maisha yake.

KUTAFUTA KWAKE ILIMU

Aliyemlea na kumsomesha mwanzo ni jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali bin Khamis Mazrui, naye alikuwa mwanachuoni na kadhi. Kwake alisoma Kurani, na fikihi, na nahau, na misingi ya dini. Kisha akawa akisafiri kwenda Unguja, kwani Unguja zama hizo ndiyo iliyokuwa soko la ilimu la pwani yote, kama vile ilivyokuwa soko la karafuu. Huko alisoma kwa mashekhe wawili ambao majina yao hayajasahauliwa. Wa kwanza ni Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumayt, mzaliwa wa Ngazija, kadhi wa Unguja, ambaye alikwisha safiri hata akafika Misri na Istanbul. Wa pili ni Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, aliyekuwa akisomesha Ukutani. Mashekhe hao wawili walikufa mwaka mmoja, mwaka 1925, na pwani ikawa kama nyumba iliyoondolewa nguzo mbili kwa mara moja.

Tena Sheikh Al-Amin hakutosheka na vitabu vya kale tu. Alikuwa akisoma gazeti la Al-Manar lililokuwa likitoka Misri tangu mwaka 1898, mwenyewe akiwa Sayyid Muhammad Rashid Ridha, mwanafunzi wa Sheikh Muhammad Abduh. Waandishi hao walikuwa wakisema kwamba Uislamu haukuwadhoofisha Waislamu, bali Waislamu ndio waliodhoofika kwa kuiacha ilimu, na kufuata ada kama kwamba ni ibada, na kupigana wao kwa wao. Sheikh aliyapokea mafundisho hayo, lakini hakuyapokea kama apokeavyo kasuku. Aliyapima kwa hali ya watu wake wa pwani, akatazama ni lipi linalowahusu na ni ugonjwa gani walio nao.

KALAMU YAKE

Alipowatazama Waislamu wa Mombasa aliwaona wamegawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni watu walioshika kila walichokikuta kwa wazee wao, kiwe ni Sunna au si Sunna. Wakikopa fedha na kuweka rehani mashamba yao ili wapate kufanya arusi kubwa na matanga makubwa, kisha shamba likenda na heshima ikaenda nyuma yake. Fungu la pili ni vijana walioutazama Uzungu wakastaajabu, wakauiga kwa mavazi, na ngoma, na ulevi, wakadhani kwamba huko ndiko kustaarabika. Na katikati ya mafungu hayo walikuwa watoto wa Kiislamu, wengine hawasomi kitu, na wengine wakisoma katika shule za mapadri ambako dini yao haikuwa na mwalimu.

Mwaka 1930 akaanza kutoa karatasi aliyoiita Sahifa. Ilikuwa ni karatasi ndogo, kwa lugha ya Kiswahili na khati za Kiarabu, kama tulivyozoea sisi watu wa chuoni kuandika barua zetu. Ilisomwa barazani na misikitini, na asiyejua kusoma alisikiliza kwa mwenziwe. Mwaka 1932 akatoa gazeti lililokuwa kubwa zaidi, akaliita Al-Islah, na maana yake ni kutengeneza. Haikutangulia kabla yake kazi ya namna hii, ya mwanachuoni kusema na watu wote wa Afrika Mashariki kwa Kiswahili katika karatasi ya kutoka mara kwa mara, juu ya dini yao na dunia yao.

Zama zile mwanachuoni akitaka kuheshimiwa aliandika kwa Kiarabu. Na Sheikh hakuwa mshinde wa Kiarabu, kwani tarikhi ya ukoo wake wa Mazrui aliiandika kwa lugha hiyo, na kitabu hicho kilitafsiriwa na kupigwa chapa kwa Kiingereza mwaka 1995. Lakini aliona kwamba mwuza samaki na seremala na nahodha hawatapata kitu katika ilimu iliyofungiwa ndani ya lugha wasiyoifahamu. Tena mwaka 1923 padri mmoja wa Unguja, Godfrey Dale, alikwisha toa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, na Waislamu wenyewe walikuwa hawajatoa yao. Mwenye kufikiri ataona uzito wa jambo hilo: Mswahili aliyetaka kuijua Kurani kwa lugha yake alilazimika kuisoma kwa kalamu ya mtu asiyeiamini. Sheikh akaanza kufasiri Kurani kwa Kiswahili, asiimalize, na sehemu ya kazi yake ilipigwa chapa miaka mingi baada ya kufa kwake.

Alichowaambia watu katika karatasi hizo ni jambo ambalo hata leo halijachakaa. Aliwataka wautazame Uzungu kwa macho mawili. Yale yaliyowapa Wazungu nguvu, kama kutafuta ilimu, na kushika wakati, na kusaidiana katika biashara, na kufanya kazi kwa mikono, hayo aliyaona kuwa ni mali ya Waislamu iliyopotea, na mwenye mali ana haki ya kuichukua popote aionapo. Ama yale ya anasa na kuvunja haya, hayo hayakuwa na nguvu yoyote ndani yake, na ajabu yake ndiyo yaliyoigwa kwanza. Aliwakemea pia wenye kujifakharisha kwa nasaba, akiwa yeye mwenyewe ni mtu wa nasaba kubwa, akawafahamisha kwamba mtu haokolewi na mifupa ya babu yake. Akahimiza watoto wa kike nao wasomeshwe, kwani mama mjinga hulea ujinga. Baadhi ya makala hayo yakakusanywa katika kitabu kilichotoka mwaka 1944 kwa khati za Kizungu, nacho kikaitwa Uwongozi.

MAKABURI NA ZIARA

Katika mambo yaliyomletea upinzani ni maneno yake juu ya makaburi na ada za matanga. Pwani yetu imejaa makaburi ya masharifu na mawalii, na kuyazuru ni jambo lenye asili. Hapana mwanachuoni wa Kishafi anayekataza mtu kwenda makaburini, akawasalimia waliolala, akawaombea, akakumbuka kwamba yeye naye yuko njiani. Ugomvi hauko hapo. Ugomvi uko kwa mtu anayemwendea maiti kwa haja ambayo haiombwi ila kwa Mwenyezi Mungu. Tena uko kwa mtu anayetumia mali ya mayatima katika karamu ya matanga ilhali Sharia imeilinda mali hiyo, na kwa mtu anayegeuza ibada kuwa mchezo.

Katika jambo hili wanavyuoni wengine wa pwani hawakukubaliana naye, wakamwona amekaza kamba mno na kwamba maneno yake yana harufu ya Misri kuliko ya Hadhramut. Nao walikuwa watu wa ilimu na uchaji Mungu, na khitilafu hiyo haijakwisha hata leo. Kijitabu hiki hakikuandikwa ili kuwahukumia. La kuzingatia ni kuwa Sheikh alipinga kwa hoja na kalamu, mbele ya macho ya watu, wala hakumtoa mtu katika Uislamu kwa sababu ya ada aliyoirithi. Na tukiyaona siku hizi mabishano ya ndugu kwa ndugu juu ya maulidi na ziara yanayofika hata kugawanya misikiti, tunajua kwamba tumezirithi mas'ala zake bila ya kuirithi adabu yake.

UKADHI WAKE

Mwaka 1932 alifanywa kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akakaa katika kazi hiyo mpaka kufa kwake.

Msomaji na afahamu ukadhi huo ulikuwa wa namna gani. Zamani kadhi wa pwani alihukumu katika kila jambo: deni, na jinai, na mipaka ya mashamba, na ndoa. Waingereza walipokuja waliyachukua mambo mengi wakayatia katika mahakama zao, wakamwachia kadhi ndoa, na talaka, na mirathi, na mambo yaliyo karibu na hayo. Kwa hivyo kadhi alikuwa akikaa juu ya kiti cha Sharia kilichowekwa na mkono usiokuwa wa Kiislamu, na mshahara wake ulitoka huko huko. Wako watu walioona kwamba kadhi wa namna hiyo ni mtumishi wa serikali tu. Wako na waliosema kwamba kuiacha kazi hiyo ni kuwaacha wajane na mayatima bila ya mtu wa kuwagawia haki yao. Sheikh alichukua njia ya pili. Alikaa katika kiti, na kalamu hakuiweka chini. Kitabu chake Uwongozi kilitoka naye akiwa ni Kadhi Mkuu, na ndani yake mna maneno ya kuwakaripia Waislamu juu ya udhaifu wao mbele ya watu waliowatawala. Si kila mtu hupewa cheo na watawala kisha akabaki na ulimi wake.

Hukumu za makadhi hao zilikuwa kwa madhehebu ya Imamu Shafi, nayo ndiyo aliyoyasomea tangu utoto. Na katika mirathi hapana mlango wa mapendeleo. Mjane ambaye mumewe hakuacha mtoto hupata robo, na ambaye mumewe ameacha mtoto hupata thumni, na wasia haupiti thuluthi ila kwa ridhaa ya warithi. Hesabu hizo zinafahamika na mtoto wa madrasa, lakini kuzitimiza mbele ya ndugu wakubwa wa maiti wenye tamaa kunataka kadhi mwenye moyo. Kenya ilipopata uhuru wake mwaka 1963 mahakama za makadhi zikawekwa katika Katiba, na Katiba mpya ya mwaka 2010 nayo ikazibakisha.

KUFA KWAKE NA WALIOMRITHI

Sheikh Al-Amin alifariki dunia tarehe 1 Aprili 1947, sawa na mwaka 1366 Hijria, naye ana umri wa miaka 56. Hakuacha mali ya kutajwa katika vitabu. Aliacha wanafunzi. Katika hao ni Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya baada ya uhuru, naye akaishika kalamu ya mwalimu wake. Baada yake, mwaka 1968, ukadhi mkuu ukashikwa na Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, aliyekuwa akimhesabu Sheikh Al-Amin kuwa ni katika waalimu wake. Huyu ndiye aliyetoa mwaka 1969 tafsiri kamili ya Kurani kwa Kiswahili, ambayo haikosekani katika nyumba zetu. Basi kazi iliyoanzwa na mwalimu, Mwenyezi Mungu aliijaalia itimie kwa mkono wa mwingine. Na mwanawe, Ali, aliachwa naye ni kijana wa miaka 14, akawa profesa mwenye kujulikana duniani kote. Alikufa Marekani mwaka 2014, akaletwa Mombasa akazikwa katika makaburi ya Mazrui karibu na Ngome.

YATUPASAYO SISI

Sasa nirudi katika nchi hii niliyomo. Dhahabu ya Geita ilichimbwa kwa mashine tangu miaka ya 1930, zama zile zile Sheikh alipokuwa akiandika Mombasa, mgodi ukafungwa mwaka 1966, na mwaka 2000 ukafunguliwa mgodi mkubwa wa sasa. Pembeni mwake wako maelfu ya wachimbaji wadogo wenye maduara yao, na kila duara lina matumaini yake. Na palipo na matumaini makubwa na ilimu ndogo, hapo mpiga ramli hufungua duka. Tangu mwaka 2006 na 2007 nchi hizi za Ziwa zilipata sifa ya kutisha, pale waja wa Mwenyezi Mungu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa na kukatwa viungo kwa kuamini kwamba viungo hivyo huleta utajiri wa dhahabu na samaki. Mwezi wa Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua kijana mmoja wa Bukombe. Na Januari 2015 Serikali ikapiga marufuku wapiga ramli.

Mahakama imefanya yake na Serikali imefanya yake. Lakini mteja wa mpiga ramli haumbwi na mahakama wala haondolewi na marufuku. Huumbwa na ujinga, na dawa ya ujinga ni mwalimu. Mwislamu anayemwendea mpiga ramli ili aambiwe dhahabu iko wapi amekwisha haribu imani yake kabla ya kuingia shimoni, hata kama kilichotakwa kwake ni kuku tu. Kwani njia inayoanzia kwa kuku ndiyo iliyowafikisha wengine kwenye damu ya mtoto.

Na kijana wa pwani anayekuja huku na ajue hukumu za riziki yake, nazo ni hukumu za madhehebu yetu, zimo vitabuni tangu zamani. Mwenye kuchimba dhahabu, ikifika nisabu, nayo ni mithkali 20, kadiri ya gramu 85, inamlazimu atoe robo ya ushuri, yaani moja katika 40, pale pale anapokwisha isafisha, wala hangoji mwaka upite. Dhahabu kwa dhahabu haiuzwi ila kwa uzani sawa na mkono kwa mkono, na kumkopesha mchimbaji ili alipe kwa ziada ni riba, hata ukiita ufadhili. Tena huku bara hapana mahakama ya kadhi iliyowekwa na sheria ya nchi kama iliyoko Unguja na Mombasa. Basi mtu na aandike wasia wake na madeni yake, na fungu lake katika duara, mbele ya mashahidi wawili waadilifu, angali mzima. Wangapi wameporomokewa na mchanga, na wenzao wakagawana fungu la maiti kabla ya khabari kumfikia mjane wake Tanga au Pangani?

Kila mzee wa pwani anayemwaga mwanawe kwenda machimboni humpa nauli na dua. Na ampe na cha tatu, nacho ni ilimu ya dini yake kwa lugha anayoifahamu. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Sheikh Al-Amin kwa karatasi ndogo na wino, na haikumzuia umaskini wa chapa wala ukali wa wapinzani.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Al-Amin bin Ali, na mashekhe zake, na wanafunzi wake. Aijaalie kalamu yake kuwa ni sadaka isiyokatika, na atujaalie sisi kuwa ni watu wa kusoma na kufuata. Amin. Wallahu aalam.